Diski za Bwana Stoo

Fundi alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya diski ya breki, kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukucha ukakwama. Akarudia. Ukakwama palepale.

"Njoo uguse mwenyewe, shemeji," alisema. "Pana tuta hapa. Chuma kimeliwa, kimebaki hiki cha pembeni tu ambacho pedi hazikifikii."

Bwana Stoo hakuinama. Alisimama kando ya gari lake, mikono kiunoni, akiitazama jeki, gurudumu lililolazwa chini na mikono ya shemeji yake, hasa ile mikono. Alikuwa mtunza stoo wa ghala la vifaa vya ujenzi, huu mwaka wa kumi na tisa, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita hivyo. Kazi ile ilikuwa imemfunza jambo moja: mtu akikuambia kitu kimekwisha, muulize kimekwendaje.

"Mafundi wote husema kimekwisha," alisema. "Sijapata kumsikia fundi akisema bado kipo kipo."

"Basi tupime." Fundi akatoa kipimo chake mkobani, akabana diski. "Imeandikwa hapa isipungue milimita ishirini na mbili. Sasa soma."

"Kipimo ni cha nani?"

"Changu."

"Ngoja kidogo."

Akaingia ndani, akarudi na kipimo chake mwenyewe, kimefungwa kwenye kitambaa. Akapiga magoti sasa, maana kipimo chake hakumwachia mtu. Akabana, akasoma, akakigeuza kuona kama kuna kitu kimenasa, akabana tena.

"Ishirini na nusu," alisema, kama mtu aliyeng'olewa jino.

Mkewe alikuwa mlangoni, utepe wa kupimia nguo shingoni. Alikuwa mshonaji, na fundi yule alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Akacheka. "Na hicho chako nacho kimehongwa?"

"Wasiwasi ndiyo akili," alijibu mumewe, na hakucheka.

Lakini ubishi ulikuwa umekwisha. Juzi yake mke mwenyewe ndiye aliyekuwa anaendesha, anapeleka nguo za wateja, akakanyaga breki kwenye mteremko. Usukani ukamtetemeka mikononi na gari likakoroma likasogea hadi karibu libusu lori la mchanga. Diski zilikuwa lazima zibadilishwe.

*

Kulikuwa na jambo jingine, na wote watatu walilijua hata walipokuwa hawalitaji. Ndani ya mkoba wa fundi, katika mfuko wa nailoni ili isishike mafuta, kulikuwa na fomu. Karakana ya kampuni moja ya mabasi ilikubali kumwajiri kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi, kwa sharti kwamba mwenye nyumba anayefahamika amdhamini kwa sahihi yake. Fundi alikuwa hana kazi mwezi wa kumi na moja sasa. Kwenye gereji yake ya zamani vipuri vilipotea, mwizi hakupatikana, wakafukuzwa wote watatu wa zamu ile. Kila mahali alipoomba kazi baada ya hapo, habari zilikuwa zimefika kabla yake. Mwezi wa tatu huu alilala kwenye kochi la dada yake, na kila asubuhi alilikunja shuka lake na kulificha nyuma ya kochi, ili sebule isionekane kama ina mgeni.

"Utamwekea sahihi lini?" mke aliuliza jikoni, wakati mumewe anavaa viatu aende kununua diski. "Leo Jumamosi. Kesho Jumapili. Keshokutwa saa mbili anatakiwa kule."

"Tumalize breki kwanza."

"Breki na sahihi wapi na wapi?"

"Mtu huonekana kazini," alisema Bwana Stoo. "Mimi nikiweka jina langu kwenye karatasi, nimeweka jina langu. Siku nati moja ikipotea huko, wataulizwa watu wawili. Yeye na mimi."

"Ni mdogo wangu."

"Nimesema sio? Kikulacho ki nguoni mwako, mke wangu. Sikusema ni yeye. Nimesema ni methali."

Fundi alikuwa barazani akinawa mikono, na ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba. Alisugua kucha zake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Dukani Bwana Stoo alikwenda peke yake. Fundi alijitolea wafuatane, amsaidie kuchagua, akakataliwa. Fundi na muuza duka, aliwaza Bwana Stoo, hukonyezana tu na wewe umeshaliwa. Akanunua diski mbili na pedi zake, akahakikisha maboksi yana gundi ya kiwandani, akarudi nazo amezipakata.

Halafu akajifungia chumbani.

Alikuwa amesikia hadithi moja kazini. Mafundi wajanja huchukua diski kuukuu, wanazipeleka kwenye mashine kuchongwa, zinang'aa kama mpya. Wanakufungia hizo na mpya zako zinakwenda kuuzwa. Aliyemsimulia hakuwa amemwona fundi yeyote akifanya hivyo, lakini Bwana Stoo hakuhitaji mtu aone. Kule ghalani kila kitu alikitia alama. Akavuta kopo dogo la rangi ya njano kutoka chini ya kitanda, ile nzito inayochanganywa na dawa ya kukaushia, ya kuandikia namba kwenye mapipa. Kopo lenyewe lilitoka ghalani, na lilitokaje huko ni habari ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alama ya mbele itaonekana, itafutwa. Kwa hiyo akazigeuza diski, akatia tone moja moja mgongoni, pale bapa panapokaa ndani. Tone nene, kama punje ya dengu. Akaziweka dirishani kwenye jua mpaka rangi ikawa ngumu kama jiwe, akazirudisha kwenye maboksi, akatoka akipiga mluzi.

*

Fundi alikuwa amekwisha kuvua diski za zamani na kuziegemeza ukutani. Sasa alikuwa anaisugua habu kwa brashi ya waya, kile kisahani cha chuma ambacho diski hukikalia, na kutu ilikuwa inamwanguka mapajani.

"Hapa ndipo mafundi wavivu wanapoharibu," alisema, bila kuinua kichwa. Akiwa kazini alikuwa mtu mwingine kabisa, maneno yalimtoka bila woga. "Wanafunga juu ya kutu. Pakibaki hata punje ndogo hapa, diski inakaa upande, na ikikaa upande, usukani wote unacheza."

"Hm," alisema Bwana Stoo. Alikuwa anahesabu nati.

"Nipe ya kwanza."

"Naweka mwenyewe."

Fundi akamtazama. "Utachafuka, shemeji."

"Diski nitaweka mwenyewe. Wewe kaza."

Basi. Fundi akampa kitambaa. "Ina mafuta ya kiwandani, ifute mbele na nyuma, la sivyo pedi zitateleza." Bwana Stoo akageukia upande, akafuta. Mbele alifuta barabara. Nyuma alifuta kuizunguka ile alama, kwa uangalifu, maana alama ndiyo ilikuwa roho yake. Wala haikumjia kwamba kutu na rangi, kwa chuma, vyote ni uchafu. Hapo ndipo mimi ninapomlaumu, kwa sababu alikuwa ameambiwa dakika hiyohiyo na masikio alikuwa nayo.

"Umeifuta mgongo?"

"Nimefuta."

Akaichomeka mwenyewe, ya kulia na baadaye ya kushoto, akiikinga kwa mwili wake ili mtu asione nyuma. Ile ya pili ilikuwa ndiyo kwanza imekaa simu ilipolia. Meneja wa ghala alitaka kujua daftari la mapipa liko kabati gani. Bwana Stoo akaingia ndani kutafuta funguo, akaeleza, akaelezwa, akaeleza tena. Dakika ishirini. Alipotoka, magurudumu yote mawili yalikuwa yameshafungwa na fundi alikuwa anakaza nati za mwisho kwa mkato, ya juu kisha ya chini upande wa pili.

"Mbona upesi?"

"Ni kazi yangu hii, shemeji. Kilichobaki kilikuwa pedi na kukaza." Akaingia garini, akapampu pedali ya breki mpaka ikawa ngumu. "Twende tukaijaribu. Mwanzo breki taratibu, zizoeane."

Hawakufika mbali. Bwana Stoo alikanyaga breki kwenye kona ya kwanza, na usukani ukamcheza mikononi. Akakanyaga tena barabara ilipokuwa wazi, na gari zima likatetemeka, vibaya kuliko lilipokuwa na diski zilizoliwa.

"Simama," fundi alisema. Uso ulikuwa umembadilika. "Kuna diski haijakaa sawa. Turudi nifungue."

Bwana Stoo alirudi nyumbani polepole, macho mbele, akizima redio ambayo wala haikuwa imewashwa.

*

"Diski ulizofunga ni zipi?"

"Ulizoweka wewe mwenyewe."

"Nilikuacha dakika ishirini."

Walikuwa wamesimama uani, jua la jioni likiwaka kwenye kioo cha gari. Mke alitoka akiwa na sindano mdomoni, akaitoa. Juu ya ukuta wa jirani kikajitokeza kichwa cha Mama Redio, ambaye hakupewa jina hilo kwa kuwa alikuwa na redio.

"Shemeji, sikiliza," alisema fundi. "Niruhusu nivue gurudumu. Dakika kumi tu. Nitakuonyesha tatizo lilipo."

"Hutaligusa gari langu. Ulipewa nafasi ya kuzitoa, nikupe na ya kuzirudisha?"

Hata Mama Redio alisahau kupumua.

"Baba watoto!" mke alisema. "Unasema nini wewe?"

"Sijasema kitu. Fungua mkoba."

Fundi angeweza kukataa. Ningependa kusema alikataa. Lakini fomu ilikuwa ndani ya ule mkoba na Jumatatu ilikuwa keshokutwa, na mtu mwenye shida hujifunza kumeza. Akaushika mkoba kwa chini, akaumwaga wote juu ya saruji. Spana zikalia. Nyundo, kipimo, shati moja la kubadilisha, kipande cha sabuni kimefungwa kwenye gazeti, soksi, fomu katika nailoni yake. Bwana Stoo alizisogeza spana kwa ncha ya kiatu, moja baada ya nyingine, akatazama chini ya shati.

"Diski mbili zile ni kilo kumi na kitu," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Ungeziona tu, shemeji."

"Dakika ishirini ni nyingi. Mtu anaweza kuja na kuondoka."

"Lisemwalo lipo," Mama Redio alisema kutoka ukutani.

"Wewe shuka huko!" mke alimfokea, kisha akapiga magoti, akaanza kuokota vitu vya mdogo wake. Fundi alimwambia aache, ataokota mwenyewe. Wakaokota wote wawili, na mwenye gari akaingia ndani na funguo mfukoni.

*

Asubuhi ya Jumapili Bwana Stoo alivaa ovaroli ya kazini. Akamwita Mama Redio apitie mlangoni badala ya ukutani, awe shahidi. Alikuwa mchangamfu sana, kama siku ya ukaguzi ghalani anapokuwa ana hakika kwamba mwenye makosa ni mwingine.

"Sasa nitasema ambacho sikukisema jana," alianza. "Zile diski nilizitia alama, mahali pa siri, nikijua dunia hii. Navua gurudumu mbele yenu. Alama isipokuwepo, huyu bwana anatoka humu leo, na fomu yake akaitafutie sahihi kwingine."

Mkewe alikuwa ameegemea nguzo. "Na ikiwepo?"

"Nini?"

"Alama ikiwepo. Utafanya nini?"

Inaelekea hakuwa amelifikiria hilo. "Ikiwepo naweka sahihi hapahapa," alisema. "Juu ya boneti."

Fundi alikaa kwenye ngazi, mkoba magotini, amevaa shati lake la kubadilisha. Bwana Stoo alilegeza nati, akapandisha jeki, akavua gurudumu. Ilimchukua muda mrefu, jasho likamtoka. Fundi aliposimama kumsaidia kufungua kibanio cha pedi, alimzuia kwa mkono. Aliposhindwa kabisa, akamruhusu. Diski ikatoka. Akaigeuza.

Alama ilikuwepo. Njano, imekandamizwa kidogo juu, lakini ni ile ile. Na kwenye habu, ambayo fundi aliisugua ikang'aa, palikuwa na doa la njano linaloitazama.

"Si ndiyo hiyo?" aliuliza Mama Redio. "Ya njano? Mbona ipo?"

Bwana Stoo alienda upande wa pili, akavua na gurudumu lile, maana mtu wa stoo hafungi hesabu nusu. Ya pili nayo ilikuwa na alama yake.

Fundi aliichukua diski kutoka mikononi mwa shemeji yake, akalipitishia ukucha lile tone. Ukucha ukakwama. Akafumba macho kidogo.

"Nilikuuliza kama umeifuta mgongo," alisema.

"Nilifuta."

"Ulifuta pembeni." Hakupandisha sauti. "Hiki ndicho kinachotetemesha gari, shemeji. Hiki kipele. Diski inakaa juu yake badala ya kukaa bapa. Laiti ungenipa nikaiweka mwenyewe, ningekiona." Akamgeukia dada yake. "Dada, niletee kisu na mafuta ya taa."

Mke aliingia ndani. Alikawia. Kisu kiko mezani na chupa ya mafuta ya taa iko chini ya meza, ni hatua nne, lakini alikawia mpaka fundi akamwita mara ya pili. Alipotoka alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili na alimwangalia mumewe kwa namna ambayo yeye hakuiona, maana alikuwa anatazama chini.

Fundi aliikwangua rangi, akafuta, akasugua habu upya, akazikalisha diski mwenyewe, akakaza. Hakuna aliyempa msaada wala kumzuia. Bwana Stoo alilipeleka gari hadi mwisho wa barabara, akakanyaga breki kwa nguvu, na gari likasimama kimya, usukani umetulia kama meza. Alikaa pale huku injini ikiunguruma. Aliona haya, aliona haya kweli, na alikaa mpaka gari la nyuma likampigia honi.

Aliporudi aliomba kalamu. Akaweka sahihi juu ya boneti, kubwa, na jina lote chini yake, na tarehe.

Fundi aliichukua fomu akaisoma kwa sauti. "Ninamfahamu mwombaji kwa karibu na ninathibitisha kuwa ni mtu mwaminifu." Sisi wengine tungeichana. Yeye aliikunja vizuri, mara mbili, akairudisha ndani ya nailoni. "Ahsante, shemeji."

"Basi yameisha, eh?" alisema Bwana Stoo. "Mambo ya nyumbani haya. Hata vyombo kabatini hugongana."

"Yameisha." Alisema kama anavyomwambia mteja. "Leo nitalala kwa rafiki yangu, ni karibu na karakana. Dada, nitakupigia."

Mama Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliondoka bila kuuliza swali.

*

Bwana Stoo alinawa, akaingia jikoni akitumaini chakula. Chakula hakikuwepo. Mezani ilikuwepo chupa ya mafuta ya taa, na karibu nayo kopo la sukari, kopo la unga, chupa ya mafuta ya kupikia, na cherehani ya mkewe imelazwa ubavu, tumbo nje. Mkewe alikuwa amekaa nyuma ya vitu hivyo kama muuza genge.

"Keti," alisema.

Akaketi.

"Hii." Aliigeuza chupa ya mafuta ya taa. Nyuma yake, chini kidogo ya karatasi ya kiwanda, palikuwa na mstari mwembamba wa njano. "Miaka yote nilidhani wameichora huko inakotengenezwa. Na hili." Ndani ya kopo la sukari, mstari. Kwenye unga, mstari. Chini ya cherehani, pembeni ya skrubu, tone. "Hii cherehani niliingia nayo nyumba hii siku nilipoolewa."

"Mke wangu, ni mazoea tu ya kazi."

"Kopo la sukari tulilinunua binti yetu mkubwa anaanza darasa la kwanza. Leo yuko sekondari, yuko bweni. Mdogo wangu kaja hapa juzijuzi." Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Wageni hatuna. Mfanyakazi hatujawahi kuwa naye. Ulikuwa unamwekea nani?"

Alijaribu kutafuta mtu. Alifikiria watoto, akaona haifai. Alifikiria Mama Redio, lakini Mama Redio hakuwahi kuvuka mlango ule ila leo.

"Sikuwa na maana mbaya," alisema.

"Sawa. Nijibu basi moja tu. Umekagua miaka yote hiyo. Uliwahi kukuta kimepungua?"

Uso wa Bwana Stoo ukachangamka. Hatimaye ameulizwa swali analolijua, ambalo jibu lake ni zuri na lina heshima ndani yake. Akajisogeza mbele, akaweka mkono juu ya mkono wake.

"Hata siku moja," alisema. "Haki ya Mungu nakuapia. Kila wiki, miaka yote, nilikuta sawasawa na matumizi. Hata siku moja, mke wangu, sikukukuta na upungufu."

Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mtu, na alingoja aone kama imempendeza. Mkewe aliutoa mkono wake taratibu. Akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, na yeye akabaki ameketi upande wa pili wa vile vyombo, akimuuliza amekosea wapi.